Nilivyoipima Njia ya Mkuyuni kwa Maharage

Sijazeeka. Kilichozeeka ni goti la kulia. Goti hili limepanda mlima wa Kiroka mara nyingi kuliko mbuzi wa Kiroka wenyewe, na sasa limesema basi. Mwezi uliopita nilirudisha bomba la upepo na spana za serikali pale bomani, nikapeana mkono na askari wa zamu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Majirani walinitazama kama mtu anayetoka kuzika. Ninyi vijana mlioachiwa kazi ya kuongoza wageni kwa baiskeli mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Kwa kweli aliyeomba ni mmoja, wengine mlicheka. Ninawaandikia wote.

Mshahara sitautia humu. Ulikuja, ukaenda, hauna hadithi. Wala sitaeleza nilivyopewa kofia yenye beji, maana kofia hiyo mmeiona, na asiyeiona aje nyumbani, ipo ukutani. Shule nilikaa miezi michache tu, nikatoka kabla herufi hazijaisha. Zilizobaki nilijifunza mwenyewe kwa kusoma magunia na mapipa stesheni, ndiyo maana hata leo mkono wangu huandika herufi kubwa kubwa kama za kwenye gunia la saruji. Lakini hakuna msomi wa Morogoro anayeweza kuniambia njia ya Matombo ina madaraja mangapi. Mimi nayajua, pamoja na lile lililooza.

Baiskeli ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa imempanda mtu. Wakati huo gari moshi bado, mizigo yote ya Wadachi ilitoka Bagamoyo juu ya vichwa. Msafara ukaingia mjini, na katikati yake mpagazi mmoja mrefu, kichwani amebeba vyuma vyenye magurudumu mawili, na magurudumu yanazunguka polepole kwa upepo. Tukamuuliza chombo hicho kina kazi gani.

"Kinabeba watu," akasema.

Tukamtazama jasho linavyomchuruzika mpaka kwenye kitovu, tukacheka mpaka tukakaa chini. Yeye hakucheka. Alikitua, akakipangusa vumbi kwa shuka lake, kisha akasema, "Chekeni. Siku moja kitanilipa." Jina lake Feruzi, na ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu. Alikibeba siku zile zote, na kila nati aliijua kwa utosi kabla hajaijua kwa mkono.

Mimi nilikuwa mfagiaji wa nyumba ya wageni ya boma. Siku ya tatu tangu msafara uingie, mzungu mmoja wa bomani akatoka barazani, akauliza ni nani kati yetu anaweza kupanda baiskeli, apeleke barua Kingolwira. Nikanyoosha mkono. Sikuwahi hata kuigusa, lakini niliona wenzangu wote wanatazama miguu yao, na mimi kutazama miguu yangu ni jambo ambalo Mungu hakunijalia. Nikapanda. Kutoka bomani kwenda mtoni ni mteremko, kwa hiyo nilipanda vizuri sana mpaka mtoni. Huko kulikuwa na kina mama wanafua. Nilipita katikati ya nguo, nikachukua kanga mbili na beseni, nikaingia majini wima.

"Mwanangu," mama mmoja akaniambia, kanga yake iko shingoni kwangu, "ungesema tu unataka kuoga."

"Ninakwenda Kingolwira," nikajibu.

"Kwa njia hii utafika Bagamoyo."

Barua ilikauka, nikaifikisha, nikarudi jioni nikiisukuma baiskeli, goti limechubuka. Sikumwambia mtu kwamba nilisukuma kwenda na kurudi. Ninyi ni wa kwanza kujua.

Feruzi aliniona, akanivuta uani kwake. Akaipindua baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu, akaniambia nisikilize. "Baiskeli haina siri, ina nati. Ikilia, kuna iliyolegea. Isipolia, shuka uangalie, maana imenuna." Alinifundisha kunyoosha njiti za gurudumu kwa kuzigonga kwa kucha na kusikia ipi ina sauti ya uongo. Alinifundisha kuziba mpira wa ndani kwa utomvu wa mpira wa porini unaopatikana huku milimani. Unauchemsha, unaupaka mara mbili, unaukalia kwa muda wa kuvuta kiko kimoja. Anayeukalia awe mtu mzito. Na kama hakuna utomvu wala mtu mzito, unatoa mpira wa ndani kabisa, unalishindilia tairi majani makavu ya mgomba. Itakwenda kama ng'ombe mwenye mimba, lakini itakwenda. Ninyi leo mna viraka vya dukani vyenye picha ya tembo. Vizuri. Tembo huyo hajawahi kufika Kisaki.

Reli ilipofika, wageni wakawa wengi. Wengine wa mashamba, wengine wa kutembea tu, watu ambao kwao wameacha barabara nzuri wakaja kwetu kutafuta mbaya. Wakateremka stesheni na baiskeli zao, wakauliza waende wapi. Wakaletwa kwangu. Mwenye tumbo nilimpeleka Kingolwira, tambarare. Mwenye sifa nilimpeleka Kiroka, akishuka mlima ule sifa zimeisha, anasema asante kwa kila kitu. Feruzi wakati huo alikuwa ameacha kazi, ameoa Mvuha, analima mpunga. Nikabaki mimi peke yangu niliyezijua njia zote, na sisemi hivi kwa kujisifu. Ulizeni.

Sasa niwaeleze kesi iliyokaribia kuniondolea ngozi ya mgongo.

Bomani alikuja mzungu mmoja wa kuandika, tukampa jina Bwana Daftari. Alikuwa na daftari mkononi hata akienda chooni. Kiswahili alikisoma kitabuni kabla hajakisikia, kwa hiyo alikisema kwa usahihi mpaka ukaogopa. Siku moja akaniita, akaniambia, "Nataka karatasi ya njia za baiskeli, itakayobandikwa stesheni. Kila njia urefu wake, maji yake na milima yake. Wewe utaipima."

"Kwa kitu gani, Bwana?"

"Kwa gurudumu."

Akapima duara la gurudumu kwa uzi. Akafunga kipande kigumu cha ngozi kwenye njiti moja, kikawa kinagonga uma wa baiskeli kila gurudumu likimaliza mzunguko: ta. Nikifika mia moja, nihamishe harage moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Nikifika mwisho wa njia tunahesabu maharage. Kazi nyepesi. Nikamwambia nitaimaliza kabla hajakausha wino.

Nilitoka bomani asubuhi, njia ya Mkuyuni. Ta, ta, ta. Nimefika sitini na nane baada ya harage la mwisho, pale Bigwa, mzee ameketi barazani kwake. Sasa niambieni, ninyi mliolelewa, utafanyaje? Mtu mzima humwamkii ukiwa juu ya chombo yeye yuko chini. Nikashuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka mjini? Hawajambo huko?"

"Hawajambo."

"Una watoto wangapi sasa?"

"Wanne."

Nikapanda baiskeli, nikaendelea. Tano, sita, saba. Nikafika mbali ndipo nikakumbuka kwamba nne ni watoto wangu, si mizunguko.

Kurudi nyuma? Ningerudi ningempita mzee yule tena, na salamu ingeanza upya. Nikaona ni haki kuongeza harage moja ili serikali isipunjwe. Mbele kidogo bibi akaniuliza habari za mahindi, magunia mangapi. Nikaongeza mawili. Kiroka kulikuwa na matanga, nikakaa, nikatoa pole, nikala. Matano. Mpaka nafika Mkuyuni nilikuwa na utaratibu kamili kichwani: shikamoo ya kupita, harage moja, mzee mwenye maswali, mawili, mgonjwa, matatu, msiba, matano. Na njia ya Mkuyuni, kama mnavyoijua, nyumba zimeshikana na watu wana adabu. Mfuko wa kushoto ulijaa mpaka suruali ikapinda upande.

Nikaendelea kwa utaratibu uleule Matombo, nikaendelea Mvuha. Kutoka Mvuha kwenda Kisaki ni pori tupu. Siku nzima nilimwamkia nyani mmoja tu, naye hakuitika. Huko nilihesabu kila mzunguko bila kukosa hata mmoja, wala sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Na usafi ule ndio ulioleta balaa.

Bwana Daftari alipiga hesabu, akaandika karatasi kwa mwandiko wa kupendeza, ikabandikwa stesheni. Ilisema kwamba kutoka boma mpaka Mkuyuni, na kutoka Mvuha mpaka Kisaki, ni urefu mmoja, umepitana kidogo sana. Mimi niliisoma, nikajiambia, kumbe. Sikufikiri zaidi. Jina langu lilikuwa chini.

Kiangazi, Bwana Daftari akasema anataka kuijaribu karatasi yake kwa miguu yake. Tukaenda wawili, yeye mbele, mimi nyuma na mizigo. Alipofika Mkuyuni alitazama saa yake, akatabasamu, akaandika. Alikuwa ametumia saa chache tu, maana yeye alikuwa hamwamkii mtu. Tukalala Matombo, siku ya pili tukalala Mvuha. Kabla ya kufika, gurudumu langu la nyuma lilipigwa na mwiba wa mgunga, mpira wa ndani ukachanika mpaka hauzibiki.

Asubuhi Bwana Daftari akanikuta nimeinama juu yake. Alikuwa na chupa moja ya maji na kipande cha mkate.

"Baki hapa utengeneze," akaniambia. "Kwa mujibu wa karatasi, Kisaki ni sawa na Mkuyuni. Nitakuwa nimefika kabla ya chakula cha mchana. Nifuate ukiwa tayari."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, Bwana, chukua vibuyu vitatu. Lakini ningesema hivyo angeniuliza kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa limejaa mfuko wa kushoto. Nikafunga mdomo. Akapanda, akaenda. Ngozi yake ile ya kugonga uma nayo alikuwa ameifunga. Niliisikia ta, ta, ta mpaka ikapotea.

Nikaiburuta baiskeli mpaka kwa Feruzi. Alikuwa anachambua mbegu za mpunga kwenye ungo. Nikamsimulia yote, mpaka maharage ya msiba. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo," akasema, "wewe hukupima njia. Umepima heshima."

"Fundi, si wakati wa maneno."

"Ngoja kwanza. Msiba ulitia ngapi?"

"Matano."

"Kidogo. Mimi ningetia kumi." Kisha akaweka ungo chini, uso ukabadilika. "Jua la leo unaliona? Mtu wa chupa moja hafiki hata kwenye kile kijito kilichokauka. Ukimfuata, utamwambia kwa nini umemfuata, na utapigwa hamsa ishirini. Usipomfuata, hakuna atakayejua ila mimi na wewe."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Ninyi mnajua kwa kusikia, mimi nilikuwa nimeshuhudia mtu akichapwa, naye hakuweza kukaa chini mpaka mwezi ukaandama tena. Nikamtazama Feruzi, naye akatazama mpunga wake, hataki kunisaidia.

"Nipe majani ya mgomba," nikasema.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukalishindilia tairi sote wawili, mkewe akajaza vibuyu vinne, tukavifunga kwa kamba nyuma na mbele. Nikatoka nikiwa kama duka la vibuyu linalotembea.

Nilimkuta jua likiwa kichwani. Baiskeli imelala njiani, tairi la mbele limekufa. Bwana Daftari ameketi kwenye kivuli cha mgunga, kivuli chenyewe kama kitambaa kilichotoboka. Chupa imepinduliwa kwenye mchanga. Daftari liko magotini.

"Nimekwisha fika," akaniambia kwa sauti ya mikwaruzo. "Kwa mujibu wa saa niliyotumia kufika Mkuyuni, hapa ndipo Kisaki. Kijiji ndicho kilichochelewa."

Nikampa kibuyu. Akanywa, akapumzika, akanywa tena. Kisha akanitazama mimi, akatazama vibuyu vingine vitatu, akavihesabu. Alikuwa mtu wa hesabu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, Bwana."

"Njia hii ulikosea kuipima?"

"Hii ni sawasawa kabisa. Iliyokosewa ni ya Mkuyuni. Ina shikamoo ndani yake."

Ikanibidi nimweleze yote, moja kwa shikamoo, mawili kwa maswali, matatu kwa mgonjwa. Nilipofika kwenye matanga alianza kuandika. Wallahi, midomo imepasuka kwa kiu na anaandika. Akafunga daftari. "Hamsa ishirini," akasema polepole, kama mtu anayesoma bei. Halafu akachukua kibuyu cha pili, akanywa. "Lakini ulikuja. Na mimi sasa siwezi kulala mpaka nijue njia ya Mkuyuni ina urefu gani. Utaipima tena, mimi nitakuwa nyuma yako. Ukifika na hesabu kamili, nitararua karatasi ile na tutaandika mpya, yaishe. Ukipoteza hesabu, viboko vyako, na baiskeli utaikabidhi."

Nikamwambia ni kazi nyepesi. Maneno haya nimeyasema mara nyingi maishani.

Tuliporudi mjini tukapumzika, tukatoka bomani, mimi mbele, yeye nyuma. Ta, ta, ta. Nilikuwa nimepanga kuinamisha kichwa tu, wazee waone nina shughuli. Lakini yule mzee wa Bigwa kwa wakati huo macho yake yalikuwa yamepofuka kabisa. Haoni kichwa cha mtu kikiinama. Alisikia ngozi inagonga, akainua uso.

"Nani huyo apitaye kimya mlangoni kwangu?"

Kipofu anakuuliza wewe nani. Mimi nikanyamaza, mizunguko mitatu, minne. Akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu aliyeanza kuogopa: "Ni nani?"

Nikashuka. "Shikamoo, mzee. Ni mimi."

Nyuma yangu nikasikia breki za Bwana Daftari. Akatazama saa, akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Umepoteza?"

"Nimepoteza, Bwana."

Akamtazama tena yule kipofu, akairudisha saa mfukoni. Akasema siku ya gulio la Mkuyuni tutajaribu tena, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Nikaenda Kiroka kwa mama mkwe. Mama mkwe hutazamani naye uso kwa uso, kwa hiyo mimi nilikaa nje chini ya dirisha, yeye ndani, tukazungumza kwa njia ya ukuta. Nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza huku anatwanga.

"Baba," akasema, maana mama mkwe humwita mkwe wake baba, "wewe hutaki viboko."

"Sitaki, mama."

"Na hutaki kuwa mtu anayewapita wazee kama mbwa apitavyo shamba."

"Hilo silitaki zaidi."

Mchi ukasimama. "Sasa mtu akikupa mgongo, unamwamkia?"

"Mgongo hauamkiwi, mama. Mpaka ageuke."

"Basi," akasema, na mchi ukaendelea. Nilisubiri maelezo mengine. Hayakuja. Nikaondoka nikijua kwamba ameniambia kitu, lakini sikujua ni kitu gani. Siku iliyofuata wanawake wa Kiroka walipeleka ndizi Mkuyuni na Bigwa kama kawaida yao, na pamoja na ndizi walipeleka maneno.

Siku ya gulio tukatoka. Ta, ta, ta, harage. Nikafika Bigwa moyo unanidunda kuliko ngozi. Mzee yule kipofu ameketi barazani, amegeukia ukuta, na vidole viwili ameviziba masikioni. Nikapita. Mbele yake bibi wa mahindi, amegeukia jiko. Mbele yake wazee watatu wa bao wamehamishia bao upande wa pili, migongo mitatu imepangana. Njia nzima! Mlima wa Kiroka watu waliokuwa wanashuka na mizigo waliponiona walisimama, wakageukia mlima, mizigo kichwani. Nilitaka kulia na kuhesabu kwa pamoja, na nawaambia vijana, mambo hayo mawili hayafanyiki kwa mdomo mmoja.

Sasa Bwana Daftari yeye hakujua. Yeye aliona kila nyumba, kila baraza, watu wanampa mgongo. Na ile vita ya maji dhidi ya Wadachi ilikuwa haijasahaulika. Miaka ile mzungu akiona watu wengi wanafanya jambo moja bila kuamriwa, mkono wake ulikwenda kiunoni.

"Simama," akaniambia. "Watu hawa wana nini?"

Ningejibu, hesabu imekufa. Nikainua mkono mmoja nimwombe asubiri. Sabini na moja, sabini na mbili.

"Nijibu! Nani amewaamuru?"

Sabini na tano. Nikageuza shingo kidogo, nikaona kweli mkono uko kwenye bastola, na jasho linamtoka kuliko siku ile ya Kisaki. Sabini na saba. Nikajiambia, chagua: mgongo wako au migongo yao. Nikavuta pumzi nishuke.

Sauti ikatoka kwenye baraza la kushoto, sauti ya mchi na ukuta ninayoijua, ya mama mkwe, naye hakugeuka.

"Bwana, weka mkono wako mahali pake. Hatugombani nawe. Huyu mtu hawezi kutuona asituamkie, na serikali imemkataza kutuamkia. Basi tumejiondoa machoni pake. Wewe pita naye, mkimaliza tutageuka."

Bwana Daftari akasimama. Mimi sikusimama. Themanini. Nikasikia kimya nyuma yangu, mizunguko kama kumi hivi, kisha nikasikia ngozi yake imeanza tena kugonga, ta, ta, na sikuuliza mkono uko wapi.

Tukaingia Mkuyuni wakati gulio limejaa. Hebu fikirini gulio zima la watu waliokupa mgongo. Wauza samaki, wauza vyungu, jumbe na kilemba chake, wote wametazama vilima. Kuku tu ndio walionitazama. Nikafika kwenye jiwe la mwisho wa njia, nikashuka, nikamwaga maharage kwenye kofia ya Bwana Daftari, nikamwambia na mizunguko iliyobaki juu yake. Akachuchumaa palepale vumbini, akahesabu harage moja moja, akaandika, akagawanya, akaandika tena.

"Karibu nusu," akasema. "Karibu nusu ya njia yangu ya kwanza ilikuwa salamu."

"Ndiyo, Bwana."

Akatoa mfukoni nakala ya karatasi ile ya stesheni, akairarua mara mbili. Kisha akatazama ile migongo yote. "Waambie imekwisha," akasema.

Nikasema kwa sauti, "Imekwisha!" Gulio likageuka. Sijawahi kusikia kishindo kama kile. Kila mzee alikuwa na haki yake ya kuamkiwa, na kila mmoja alijua kwamba nimempita bila neno.

Bwana Daftari alirudi mjini kwa saa chache. Mimi kurudi kulinichukua siku tatu. Nyumba kwa nyumba, baraza kwa baraza, nikishuka, nikiketi, nikijibu habari za watoto na mahindi mpaka sauti ikakauka. Kiroka nilikaa chini ya dirisha kutwa nzima, nikimshukuru mama mkwe kwa njia ya ukuta, naye akisema amechoka kunisikia, niende. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee wa Bigwa. Nikamshika mkono ajue ni mimi.

"Umepata ngapi?" akaniuliza.

Nikamtajia hesabu ya serikali.

"Kumbe Mkuyuni si mbali hivyo," akasema. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka. "Sasa nieleze vizuri. Wale wanne hawajambo?"